Mutwanga, penye vanila: kutoka shambani mpaka chupa ya jikoni



Wengi wetu tunaijua vanila kwa kapakiti kadogo ka sukari nyeupe tunakonunua sokoni siku tunapotaka kupika gato ya ubatizo au ya sikukuu ya mtoto. Juu ya kapakiti wamechora ua zuri na ganda jeusi. Ndani mara nyingi hakuna ua wala ganda. Kuna sukari, na unga wa vanilini uliotengenezwa kiwandani. Wataalamu wawili wa Ujerumani, Haarmann na Tiemann, walifaulu kuitengeneza vanilini mwaka 1874 kutokana na kitu kilichotoka katika mti wa msonobari, na tangu wakati huo viwanda vimeendelea. Leo sehemu kubwa hutoka katika mafuta ya petroli. Si sumu, watu wanaila kila siku. Lakini inashangaza kwamba sisi wa Butembo tunaipokea harufu hiyo kutoka ng'ambo ya bahari, wakati vanila ya kweli inapanda miti mwendo wa nusu siku tu kutoka milangoni petu.

Katika likizo iliyopita tulikwenda kuiona, mimi na mama wenzangu wawili wa chama. Nawaletea hapa yale tuliyoyaona na yale tuliyojifunza, pamoja na namna ya kutengeneza nyumbani maji ya vanila, yale ambayo madukani wanayaita ekstre.

Njia ya kwenda

Tulitoka Butembo siku ya posho alfajiri, tukiwa bado tumejifunika vitenge viwili viwili kwa baridi. Chukudu za mkaa na za makabichi zilikuwa zimeanza kuteremka kwenda sokoni. Mpaka Beni ni kilometa zipatazo 54, na njia nzima ni kushuka: kaliptusi zinabaki nyuma, michikichi inaanza, hewa inakuwa nzito, na kitenge cha pili kinarudi ndani ya sakoshi.

Beni tulibadili gari, tukashika barabara ya Kasindi. Hii ndiyo njia ya bidhaa nyingi zinazotoka Uganda, kwa hiyo malori hayakosekani. Pande mbili za barabara kakao imeanikwa juu ya turubai, na harufu yake ya uchachu inaingia mpaka ndani ya gari. Kisha nyumba zinakwisha. Mnaingia katika msitu wa hifadhi ya Virunga na kuvuka mto Semuliki, ule unaotoka ziwa Edward kwenda ziwa Albert. Abiria wote walinyamaza hapo. Kila mmoja wetu anajua kwa nini. Tangu 2014 teritwari ya Beni inazika watu wake, na barabara hii imefungwa na kufunguliwa mara ambazo hakuna anayeweza kuzihesabu. Siku ile njia ilikuwa imetulia, askari kwenye bareyere walitupungia mkono, na tulipotoka msituni mama mmoja kwenye kiti cha nyuma alisema kwa sauti ndogo, "Asante Mungu," gari lote likaitika.

Mutwanga iko chini kabisa ya mlima Ruwenzori. Wapandaji wa mlima waliokuwa wakija zamani kutafuta theluji ya kilele cha Margherita, meta 5109, walianzia safari yao hapo karibu, Mutsora. Maji yanayoteremka mlimani yanatoa umeme katika kituo kidogo cha hifadhi, na udongo wake, kama mwenyeji wetu alivyosema, unaotesha hata fimbo ya mzee ukiisahau imesimama. Kahawa, kakao, papai, michikichi. Katikati ya hiyo yote, pasipo kujionyesha, kuna vanila.

Ua la asubuhi moja

Mama aliyetupokea ni ndugu wa mwalimu mwenzangu. Shamba lake la vanila si kubwa: ni kama uwanja mdogo nyuma ya nyumba, na mtu anayepita njiani angedhani ni uzio ulioachwa. Vanila ni mmea unaotambaa, wa jamaa ya okidi. Unataka mti hai wa kuushikilia na kivuli kidogo juu yake. Mama anaukunja kila unaporefuka, ili maua yatoke mahali ambapo mkono unafika bila ngazi. Kutoka siku ya kupanda mpaka maua ya kwanza ni miaka kama mitatu.

Tulifika katika majira ya maua. Saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi alituita tuje tuone. Ua la vanila ni la rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, halina fahari. Linafunguka asubuhi, na jua linapokuwa kali linaanza kunyauka. Likikosa kuchavushwa asubuhi ile, kesho yake linaanguka, na hakuna ganda.

Kwa nini halijichavushi? Kwa sababu ndani yake kuna kikope kidogo kinachotenga unga wa kiume na sehemu ya kike. Mexico, nchi ya asili ya vanila, wapo nyuki wadogo wanaohusishwa na kazi hiyo. Kwetu nyuki hao hawapo. Kwa hiyo mama anafanya kazi ya nyuki: anashika ua kwa mkono wa kushoto, anapasua upande mmoja kwa mwiba, anainua kile kikope, kisha kwa kidole gumba anabonyeza unga uguse mahali pake. Ni kufumba na kufumbua macho. Mimi nilihesabu: ua moja, pumzi moja. Mtu mwenye mkono mwepesi anaweza kumaliza maua zaidi ya 1000 kwa siku.

Pale shambani kulikuwa pia na binti yake, wa mwaka wa tatu wa sekondari, na mwiba wake mkononi. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa mama. Nilimwuliza, kwa vile nami ni mwalimu na siwezi kuacha kuuliza: siku za shule inakuwaje? Akacheka, akajibu: "Mwalimu, vanila ndiyo inayolipa minervali, na vanila ndiyo inayonichelewesha."

Sikuwa na jibu la haraka. Sisi walimu wa vijijini tunayajua majira haya kwa kutazama tu viti vitupu vya saa ya kwanza, na mara nyingi viti hivyo ni vya wasichana, kwa sababu watu husema vidole vyao ni vyepesi. Mama alisikia, naye akaeleza mpango wake. Maua ya shina moja hayafunguki yote pamoja. Yanafunguka machache machache kwa wiki kadhaa. Siku za shule asubuhi ni zamu yake yeye na baba watoto, na baba naye amejifunza kushika mwiba ingawa alilalamika sana mwanzoni. Siku ya posho na siku za likizo ndiyo zamu ya watoto. Tena haachi kila ua lizae: kwenye kishada anachavusha nane au kumi, mengine anayaacha yaanguke, ili maganda yawe marefu na mmea usichoke. Kazi inapungua, maganda yanakuwa mazuri, na binti anafika darasani kabla ya kengele. Nimeandika maneno haya kwa ajili ya wazazi wote wa mashambani wanaosoma gazeti letu.

Mtoto aliyefundisha dunia

Kwa muda mrefu watu wa Ulaya walikuwa wakichukua miche ya vanila kutoka Mexico na kuipanda kwingine. Ilistawi, ikachanua, na haikuzaa. Mwaka 1836 mwalimu mmoja wa chuo cha Liège, Ubelgiji, jina lake Charles Morren, alifaulu kuchavusha ua kwa mkono katika nyumba ya vioo. Lakini njia yake haikuenea mashambani.

Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, ambacho wakati huo kiliitwa Bourbon, mtoto mtumwa wa miaka 12 aliyeitwa Edmond alivumbua njia ya haraka, kwa kijiti na kidole gumba. Ndiyo ile ile niliyoiona Mutwanga asubuhi ile. Bwana wake alimpeleka shamba hadi shamba akafundishe watumwa wengine, na kisiwa kile kikawa na vanila ya kuuza duniani. Kutoka hapo ujuzi ulifika Madagascar, ambayo leo inaongoza dunia nzima kwa vanila. Utumwa ulipoondolewa kisiwani mwaka 1848 Edmond alipewa jina la ukoo, Albius. Utajiri haukumfikia. Alikufa maskini mwaka 1880.

Niliwasimulia watoto wa nyumba hiyo habari hii jioni, tukimenya mihogo. Yule binti aliuliza swali moja tu: "Walimlipa nini?" Nikamjibu ukweli. Akaendelea kumenya.

Swali lake ni la leo pia. Anayefanya kazi ya mwiba ni mama na mtoto. Nani anashika pesa?

Bei, mwizi na mpaka

Baada ya kuchavushwa, ganda linarefuka kwa wiki chache tu, lakini kukomaa kunachukua miezi tisa. "Kama mimba," mama alisema, "na kama mimba, usiitoe mapema." Ganda lililokatwa likiwa changa halina harufu ya maana hata ulikaushe namna gani. Lililokomaa huanza kuwa na manjano kidogo kwenye ncha.

Basi, kwa nini watu wanakata changa? Kwa sababu ya mwizi. Mwaka 2018 kilo moja ya vanila kavu ilikaribia dola 600 katika soko la dunia. Ganda linalolala nje usiku, lisilo na mlango wala kufuli, lilikuwa pesa inayoning'inia. Huko Madagascar wakulima wanachoma alama zao kwa ncha za pini juu ya maganda mabichi, ili mwizi akikamatwa mwenye mali ajulikane. Mutwanga, mama alituambia, wanaume walilala shambani na tochi, na vijana wa shule nao wakalala huko. Wengine wakaona heri kukata mapema na kuuza kwa bei ya hasara kuliko kumlimia mwizi. Mnunuzi anapokutana na maganda machanga mara mbili tatu, anashusha bei kwa kijiji chote, na mama aliyesubiri miezi tisa anaadhibiwa pamoja na wale wasiosubiri.

Kisha bei yenyewe ikaanguka. Serikali ya Madagascar iliweka bei ya chini ya kuuza nje, dola 250 kwa kilo, mwaka 2020; mwaka 2023 ikaiondoa, na soko likazidi kuteremka. Huku kwetu wanunuzi huja na moto na mizani, wananunua mbichi, na nyingi huvuka mpaka wa Kasindi kuingia Uganda. Ikifika ng'ambo inachanganyika na vanila ya huko, na jina la Mutwanga linaishia mpakani. Upande ule wa mlima wamefanya jambo moja tunaloweza kujifunza: serikali yao inatangaza tarehe ya kuanza kuvuna kila msimu, na kukata kabla ya tarehe hiyo ni kosa. Jambo hilo hata kijiji kinaweza kulipatana pamoja na chifu wake bila kungoja Kinshasa.

Ndani ya nyumba mama alitufungulia sanduku la chuma. Kulikuwa na maganda makavu ya msimu uliopita, yamefungwa katika karatasi ya mafuta, meusi, laini, yanang'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Harufu ilijaza chumba kizima. Mnunuzi alichagua yale marefu, na aliyabakisha mafupi, yaliyopasuka na yaliyopinda. "Hayo aliyasukuma kando kwa mguu," mama alisema. Lakini kwa maji ya vanila, mafupi na yaliyopasuka yanafaa sawasawa na marefu. Chupa haitazami urefu.

Maji moto, blanketi, jua

Ganda bichi halinuki vanila. Harufu yake imefungwa ndani, na kukausha ndiko kunakoifungua. Wenye mti mmoja au miwili nyumbani, nao wapo hata Beni mjini, wanaweza kukausha maganda yao wenyewe bila mashine. Hatua ni nne.

Ya kwanza ni maji moto. Maganda yatumbukizwe katika maji ya nyuzi 63 hadi 65 kwa dakika kama tatu. Maji yanayochemka yanaiharibu vanila, na ya uvuguvugu hayafanyi kazi. Asiye na kipimajoto atumie hesabu ya shule: vikombe 3 vya maji yanayochemka, vikombe 2 vya maji ya baridi ya kawaida. Kwenye milima yetu maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, na ya baridi yana kama 20. Zidisha, jumlisha, gawa kwa 5, utapata 65. Nilifanya hesabu hiyo kwa kijiti ardhini mbele ya watoto, na kipimajoto cha mwenyeji wetu hakikunitia aibu.

Ya pili ni jasho. Yatoe, yafute upesi, yafunge yakiwa bado moto katika blanketi la sufu, uweke ndani ya sanduku au bidoni lililofunikwa. Baada ya siku moja au mbili yanakuwa na rangi ya chokoleti.

Ya tatu ni jua. Kila siku yaanike juu ya blanketi saa moja au mbili, kisha yafunge tena yakiwa na joto lake, yalale hivyo. Fanya hivyo kwa wiki moja au mbili, mpaka yawe laini na yenye mikunjo.

Ya nne ni kivuli. Yapange juu ya uteo au kitanda cha matete ndani ya nyumba yenye hewa, kwa miezi miwili au mitatu. Yageuze na kuyakagua. Lenye ukungu litoe mara moja lisiambukize wenzake. Mwishoni yafunge katika karatasi ya mafuta ndani ya sanduku, yaendelee kukomaa. Kilo 5 au 6 za mbichi zinatoa kilo 1 ya kavu, na hapo ndipo mtu anaelewa kwa nini mnunuzi anapenda kununua mbichi.

Chupa ya nyumbani

Sasa jikoni. Maji ya vanila ni kitu rahisi kuliko mnavyodhani: ni vanila na pombe kali, na subira. Pombe ndiyo inayonyonya harufu na kuihifadhi.

Kipimo ni gramu 100 za maganda makavu kwa lita 1 ya pombe. Kwa chupa ya nusu lita ni gramu 50, yaani maganda kati ya 12 na 16 kufuatana na ukubwa wake. Mtu akitaka kujaribu kidogo, gramu 10 katika desilita 1 zinatosha.

Pasua kila ganda kwa urefu, mbegu zake ndogo nyeusi zionekane, kisha likate vipande viwili au vitatu. Tia katika chupa ya kioo iliyooshwa kwa maji moto na kukaushwa kabisa, plastiki iacheni. Mimina pombe mpaka ifunike maganda yote, kwa maana ganda linalochomoza juu linaweza kuota ukungu. Funga vizuri. Andika tarehe. Weka ndani ya kabati, penye giza, pasipo moto wa jiko. Kila siku ya posho itikise kidogo. Baada ya wiki moja rangi inakuwa ya chai. Baada ya miezi miwili unaweza kuanza kuitumia. Ikifika miezi sita au mwaka inakuwa nyeusi na harufu yake haina mpinzani. Haiozi. Ikipungua, unaweza kuongeza ganda na pombe.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, mama zangu, kwa sababu hapa kuna uhai wa watu. Pombe ya kutumia ni ile ya dukani iliyofungwa, yenye asilimia 40 iliyoandikwa kwenye chupa: vodka, rhum au whisky, hata ya bei ndogo, mradi iwe ya kiwanda kinachojulikana na kifuniko hakijaguswa. Msitumie kanyanga. Najua ni rahisi, najua iko kila kartie. Pombe inayopikwa nyumbani, au iliyochanganywa na mtu usiyemjua, inaweza kuwa na metanoli, na metanoli inapofusha macho na kuua. Macho hayaioni, pua haiinusi, ulimi hauitambui. Wala msitumie alkoli ya farmasi, ile ya kusafishia vidonda, hata kama imeandikwa nyuzi 90. Ile haikutengenezwa iingie tumboni. Asiyepata pombe salama aache chupa, afanye sukari ya vanila ninayoieleza hapa chini.

Wako watakaouliza kuhusu pombe yenyewe. Kijiko kimoja cha chai kinaingia katika gato nzima, na moto unapunguza sehemu kubwa yake, hata anayekula hapati kitu cha kumlewesha. Lakini dhamiri ya mtu iheshimiwe, na kuna njia isiyo na pombe. Chukua ganda moja lililokauka vizuri, lipasue, lifukie katika nusu kilo ya sukari ndani ya kopo lenye kifuniko kinachobana. Baada ya wiki mbili au tatu sukari yote inanukia. Hata maganda yaliyotoka katika chupa, ukiyakausha, bado yana nguvu ya kutosha kwa sukari.

Chupa ikae mbali na watoto, kama pombe yoyote.

Matumizi? Kijiko kimoja cha chai kwa gato ya nusu kilo ya unga. Matone machache katika beinye, katika krepu, katika maziwa ya moto. Mwenyeji wetu anatia matone mawili katika uji wa masoso baada ya kuuteremsha motoni, na sijaona watoto wakigombania sufuria ya uji namna ile.

Hesabu ya mwisho

Usiku wa mwisho tulikaa na mama tukafanya hesabu, kwa kalamu na daftari ya binti yake. Kilo 6 za mbichi ni kilo 1 ya kavu. Kilo 1 ya kavu inatosha lita 10 za maji ya vanila. Lita 10 ni chupa ndogo 200 za mililita 50. Mama aliandika upande mmoja bei ambayo mnunuzi alimpa kwa kilo 6 za mbichi. Upande wa pili tuliandika bei ya pombe, ya chupa, ya usafiri, kisha bei ambayo sisi watatu, tukiwa wapishi wa gato, tungekubali kulipa kwa chupa moja. Alitazama namba mbili zile kwa muda mrefu. Siziandiki hapa, kwa sababu bei zinabadilika kila wiki na nataka kila mmoja afanye hesabu yake mwenyewe kwa bei ya soko lake.

Lakini hesabu ina upande mwingine, na mama mwenyewe ndiye aliyeusema. Mnunuzi wa mbichi anatoa pesa siku ile ile. Chupa inataka miezi ya kukausha na miezi ya kungoja, na mwenye shule haingoji miezi. Ndiyo maana alikata shauri hivi: maganda marefu atauza kama kawaida, alipe minervali, yale mafupi na yaliyopasuka, yaliyosukumwa kwa mguu, ndiyo atakayoyatia katika chupa. Hapotezi kitu, kwa kuwa hayo hayakuwa na bei. Anayetaka kwenda mbele zaidi, kuuza madukani na kubandika jina, aulize kwanza ofisi ya OCC kuhusu ukaguzi, asije akanyang'anywa mali yake sokoni.

Sisi nasi tulinunua kwake gramu 300 za yale mafupi, kwa bei aliyoitaja yeye, bila kupunguza. Alitufungia katika karatasi ya mafuta, na juu yake binti akaandika kwa mwandiko wa darasani: "Vanila ya Mutwanga." Tulimwambia wasingya, akatusindikiza mpaka kituo cha magari.

Gramu 50 ziko tayari katika chupa ya chama. Zilizobaki zinatosha chupa tano za nusu lita. Kikundi kinachotaka kimoja kilete chupa ya kioo iliyo safi na pombe ya dukani iliyofungwa, siku ya mkutano wetu. Kisu na mizani nitaleta mimi. Tutapasua pamoja, tutaandika tarehe, na sikukuu ya Noeli ikifika tutajua ni kikundi gani kilikumbuka kutikisa.